Kubadilisha Beringi ya Kolamu ya Usukani: Mwongozo kwa Mafundi na Wenye Magari wa Kibaha na Kisarawe

Mwongozo huu ni kwa mafundi wa gereji ndogo za Kibaha na Kisarawe, na kwa wenye magari wanaosimama kando kazi ikiendelea. Unahusu Corolla, Hilux, Hiace na Land Rover zilizokwisha kula miaka mingi na ambazo bado zinabeba abiria, mihogo, mkaa na mifuko ya saruji kati ya Maili Moja, Mlandizi, Mzenga, Maneromango na Kisarawe mjini. Kwa kuitazama, kazi ni ndogo: beringi inayoshika shafti ya usukani imelegea, itolewe, iwekwe nyingine. Lakini beringi hiyo imo ndani ya kolamu, na kolamu imeundwa kwa makusudi ijikunje siku ya ajali ili kifua cha dereva kipone. Fundi asiyelijua hilo huichapa nyundo, na gari hutoka gereji likiwa na usukani usiocheza na kolamu iliyokwisha kuharibika bila mtu kuona.

Kibaha inazifahamu ajali vizuri mno. Barabara ya Morogoro inaukata mji katikati, na majeruhi wake hufikishwa Tumbi, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Pwani. Upande wa Kisarawe kuna mteremko na kona za milima ya Pugu, kisha njia za udongo kuelekea vijijini. Kwa sababu hiyo baadhi ya maelekezo hapa yatamkera mteja mwenye haraka. Yafuatwe hivyo hivyo.

Kolamu ilivyo

Usukani umekaa juu ya meno ya shafti ndefu. Shafti inapita ndani ya bomba, na bomba limefungwa kwa mabano chini ya dashibodi. Beringi ya juu iko karibu na usukani, chini kidogo ya swichi ya indiketa na taa, mara nyingi ndani ya nyumba ileile inayobeba swichi ya ufunguo. Ya chini iko mwisho wa bomba, karibu na sakafu. Baada ya hapo shafti huungana na krosi, na krosi hupeleka mzunguko kwenye raki au boksi ya stelingi.

Zamani chuma hicho kilikuwa kimoja, kirefu, kutoka boksi hadi mikononi mwa dereva. Gari likigonga uso kwa uso, chuma kilirudi nyuma na kumkuta dereva kifuani. General Motors ilianza kuweka kolamu zinazojikunja kwenye magari yake ya toleo la 1967, na tangu Januari 1968 sheria za Marekani zikataka magari madogo mapya yawe na kinga dhidi ya usukani kumrudia dereva. Watengenezaji wa Japani nao wakaenda njia hiyo. Ndiyo maana katika Toyota nyingi za miaka ya 1980 na 1990 shafti ni vipande viwili, kimoja kimeingia ndani ya kingine na kushikwa na pini za plastiki. Mabano ya juu nayo yanashikwa na vipande vinavyoachia yakisukumwa kwa nguvu ya ajali. Pini hizo haziwezi kutofautisha kichwa cha nyundo na mgongano wa barabarani. Zikikatika, kolamu hufupika au hulegea, na siku ya ajali haitakuwa na kazi iliyobaki ya kufanya.

Beringi zenyewe huchakaa kwa sababu ambazo mtu wa huku anazijua akitazama tu. Vumbi la njia za udongo hupenya kupitia mpira wa sakafuni uliochanika. Maji ya mvua za masika, au mpira wa presha wa kuoshea magari, huingia palepale na kuigeuza grisi kuwa tope. Mitikisiko ya makorongo hufanya mengine. Ila kwenye Hiace, Land Rover na malori madogo ipo sababu kubwa kuliko zote hizo: dereva huushika usukani kama kamba ya kupandia. Kila anapoingia ananing'iniza uzito wake kwenye beringi ya juu, ambayo iliwekwa izungushe shafti na haikukusudiwa kubeba mtu.

Hakikisha kwanza ugonjwa ni huu

Mteja atakuambia, "Fundi, stelingi inacheza." Usinunue chochote kwa kauli hiyo. Usukani unaweza kucheza kwa namna tatu, na kila moja ina chanzo chake.

Simamisha gari mahali tambarare, magurudumu ya mbele yakiwa yamenyooka. Kwanza pima mchezo wa mzunguko: zungusha usukani taratibu kushoto na kulia, na utumie rula kupima umbali ambao ukingo wake unasafiri kabla magurudumu hayajaanza kugeuka. Gari lenye pawa stelingi lipimwe injini ikiwaka. Toyota nyingi huruhusu hadi milimita 30. Ukizidi hapo, tafuta kwenye krosi, tai rodi, raki au boksi. Beringi ya kolamu haihusiki na mchezo huo, na mteja aliyebadilishiwa beringi kwa ajili ya tai rodi iliyokufa ameliwa fedha na bado yumo hatarini.

Pili, shika usukani juu na chini, halafu uuinue na kuushusha bila kuuzungusha. Weka kidole cha mkono mwingine kwenye mwanya kati ya usukani na kava la kolamu. Usukani ukitembea na bomba likatulia, beringi ya juu imekwisha. Usukani ukitembea pamoja na bomba lote, angalia boliti za mabano. Kwenye gari lenye usukani wa kupandisha na kushusha, angalia pia maungio ya mtambo huo na wenzo wake wa kukaza, kwani hayo hulegea mara nyingi na kusingizia beringi. Ili kupima ya chini, mwambie kijana wa gereji ainame karibu na pedali na kushika shafti inapotokea sakafuni wakati wewe unatikisa usukani juu. Mkono wake utahisi mgongano kabla sikio lako halijasikia.

Tatu, vuta usukani kuelekea kifuani kisha uusukume. Mchezo wa namna hiyo kwa kawaida una maana kwamba saklipu inayozuia shafti imetoka kwenye mfereji wake au beringi imepoteza kabisa kiti chake. Hili ni la kutengenezwa siku hiyohiyo.

Zipo dalili nyingine zinazosaidia. Honi inayolia yenyewe gari likikata kona, hasa kwenye magari ya zamani yenye pete ya shaba nyuma ya usukani, husababishwa mara nyingi na shafti iliyohama katikati. Ufunguo unaokwama unapouzungusha, na mkwaruzo unaosikika karibu na kava hata injini ikiwa imezimwa, navyo vinaelekeza hapo.

Kama usukani unashika njiani na kuachia, au krosi inaonekana kulegea, gari lisiendeshwe hadi gereji kutoka Maneromango au Chole. Livutwe. Anayeshika usukani wa gari linalovutwa ahakikishe ufunguo umezungushwa hadi loki ya stelingi imeachia kabisa, na ajue kwamba injini ikiwa imezimwa breki na usukani vitakuwa vizito.

Kutafuta beringi inayofaa

Spea nyingi za Toyota zinazofika Pwani hutoka Kariakoo na Gerezani. Nenda na namba ya chesisi, na ikiwezekana nenda na beringi ya zamani mkononi. Beringi ya duara ya kawaida huandikwa namba kwenye uso wake. Yenye 6004 ina tundu la milimita 20, kipenyo cha nje milimita 42 na unene milimita 12. Yenye 6005 ni 25, 47 na 12. Herufi ZZ zina maana ya kava za chuma pande zote mbili, na 2RS ni kava za mpira. Kwa njia za vumbi kava za mpira ni bora, endapo kipimo kinapatikana.

Lakini beringi nyingi za kolamu si za ukoo huo. Nyingine ni nyembamba, nyingine zina njia ya gololi iliyoinama ili kuzuia shafti isitembee kwa urefu wake, na kwenye magari fulani kitu chenyewe ni bushi ya plastiki ngumu na wala si beringi ya gololi. Kwa hiyo pima kwa kalipa tundu, kipenyo na unene, kisha linganisha na umbo. Vipimo vikilingana na umbo likatofautiana, iache dukani. Jina la Koyo, NSK au NTN kwenye boksi halitoshi kuwa ushahidi: izungushe beringi karibu na sikio, tazama kama maandishi yamechongwa vizuri kwenye chuma, na hisi kama pete za ndani na nje zina mchezo tangu mpya.

Inapotokea beringi haiuzwi peke yake, utauziwa kolamu nzima iliyotumika. Hii ni njia halali na mara nyingi ndiyo nafuu, kwa sharti moja: ilinganishe urefu na ya zamani kabla hujalipa. Kolamu fupi kuliko ya zamani huenda ilitoka kwenye gari lililogonga, na imeshajikunja. Angalia kama vipande vinavyoshika mabano ya juu bado viko mahali pake. Hakikisha pia imetoka kwenye gari la usukani wa kulia, maana mizigo inayopitia Dubai huwa na mchanganyiko, na kwamba inafanana na yako katika suala la erbagi.

Kuna mazoea ambayo lazima yasemwe waziwazi. Kuzungushia shafti mpira wa tyubu, kipande cha bati au utepe wa nailoni ili kuua mchezo si matengenezo. Mpira hubanwa, hupata joto, hushika shafti, na usukani uliotakiwa urudi wenyewe baada ya kona hubaki ulipoachwa. Bati hulika na kuingia kwenye waya za swichi. Mteja ataondoka akishukuru kwa sababu kelele imekwisha, na anayemwambia ukweli kabla ya kumpokea fedha ndiye fundi wake.

Kufungua

Gereji nyingi za kwetu ziko chini ya mwembe, juu ya mchanga. Si kasoro, ila tandika turubai safi na uandae sahani au ndoo yenye kifuniko kwa ajili ya vipande vidogo. Mchanga unaopeperuka kwenye grisi mbichi utaimaliza beringi mpya kabla ya masika mengine.

Nyoosha magurudumu ya mbele. Fungua waya hasi wa betri. Kama gari lina erbagi, yaani lina herufi SRS kwenye usukani, subiri angalau sekunde 90 kabla ya kugusa chochote kwenye kolamu, kwa kuwa mfumo huo hutunza umeme hata betri ikiwa imetolewa. Erbagi ikishatoka iwekwe mahali pakavu, uso wake ukitazama juu, mbali na cheche na watoto. Usiipime kwa testa: umeme mdogo wa kipimo unaweza kuilipua. Nyuma ya usukani wa namna hiyo kuna utepe wa waya uliojizungusha ndani ya kasha. Lizuie kasha kwa karatasi ya gundi lisizunguke, na baada ya hapo mtu yeyote asizungushe shafti kwa kuchezea. Utepe huo ukikatika, erbagi imekufa.

Chora alama ya rangi inayopita kwenye shafti na usukani. Legeza nati ya katikati bila kuitoa yote; iachie nyuzi chache ili usukani ukiruka usikupige usoni. Tumia pula. Usukani wa Toyota nyingi una matundu mawili yenye nyuzi za milimita 8 kwa ajili ya kazi hiyo. Kuugonga usukani kwa magoti kutoka nyuma, au kuipiga nyundo ncha ya shafti huku mwenzako anavuta, ndiko kunakokata pini za plastiki tulizozitaja. Kama nati imeshika kutu, weka mafuta ya kulegeza na uwe na subira.

Toa kava za plastiki, kisha swichi ya indiketa. Piga picha za soketi za waya kwa simu kabla ya kuzichomoa. Nyumba ya ufunguo mara nyingi imefungwa kwa boliti zisizo na vichwa, kwa sababu vichwa vilikatwa kwa makusudi kiwandani kuzuia wizi. Toboa katikati yake kwa drili ndogo, ingiza kifaa cha kutolea boliti zilizokatika, na zungusha polepole. Boliti mpya za aina hiyo ziwe zimeshanunuliwa kabla. Boliti za kawaida zinaweza kushika, lakini zinamrahisishia mwizi kazi.

Kwenye baadhi ya magari beringi ya juu inafikika kolamu ikiwa bado ndani. Hata hivyo, kwa gari lililozeeka ninashauri kuitoa yote, kwa kuwa ya chini nayo mara nyingi iko katika hali hiyohiyo na mpira wa sakafuni unahitaji kubadilishwa. Weka alama kwenye krosi na shafti, kisha toa kabisa boliti inayobana krosi, kwani huwa imepita kwenye mfereji na kulegeza peke yake hakutoshi. Legeza nati za chini za mabano, kisha za juu, huku kijana akiibeba kolamu kwa mikono miwili. Isining'inie, isianguke, isiegemewe na mtu.

Kutoa ya zamani na kuweka mpya

Bana kolamu kwenye jiliwa kwa kushika mabano, ukiwa umeweka vipande vya mbao. Usibane bomba. Toa saklipu kwa plaizi yake, tazama upande gani ulikuwa umeelekea juu, halafu chomoa shafti kwa mkono kuelekea upande ambao muundo unaruhusu. Ikigoma, tafuta saklipu ya pili au boliti uliyoisahau. Nguvu hapa haina nafasi.

Beringi iliyobaki ndani ya nyumba huvutwa kwa kifaa rahisi ambacho kila gereji inaweza kujitengenezea: fimbo ndefu yenye nyuzi, nati mbili, washa nene, na vipande viwili vya bomba. Kimoja kina kipenyo kidogo kidogo tu kuliko pete ya nje ya beringi, kingine ni kipana kuipita. Unakaza nati, beringi inatoka yenyewe bila hata pigo moja. Vipande hivyo vikerezwe kwa kipimo sahihi. Kibaha ni mji wa Nyumbu, kituo cha teknolojia ya magari kilicho chini ya Wizara ya Ulinzi, ambako liliundwa lori lenye jina hilo. Ufundi wa kukereza chuma si mgeni hapa, na mkerezaji mzuri ataviandaa ukimpelekea beringi aipime. Nyumba za beringi hizi mara nyingi ni za aloi laini. Pigo la pembeni hulitanua tundu au kulipasua, na beringi mpya haitakaa tena.

Safisha kila kitu kwa mafuta ya taa na brashi, kausha kwa kitambaa kisichoacha nyuzi. Sasa itazame shafti kwa makini kuliko ulivyoitazama beringi. Mahali ilipokaa beringi pakiwa na mfereji unaoshika ukucha, beringi mpya itacheza kama ya zamani. Pasijazwe kwa kuchomelea wala kuchongwa kwa panchi ili pavimbe: moto hubadilisha ugumu wa chuma, na shafti ya usukani ikikatika dereva habaki na njia yoyote ya kuligeuza gari. Shafti iliyolika inatupwa, na hapo ndipo kolamu kamili iliyotumika inapokuwa jibu sahihi. Tazama pia pini za plastiki. Zikiwa zimekatika, au vipande viwili vya shafti vikiteleza kimoja ndani ya kingine kwa mkono, uamuzi ni huohuo.

Kanuni ya kusukuma beringi ni moja na haina tofauti ya gari na gari. Inapoingia ndani ya nyumba, sukuma pete ya nje. Inapopanda kwenye shafti, sukuma pete ya ndani. Ukikosea pete, nguvu yote hupita kwenye gololi na kuzichimbia vishimo, na utasikia mkwaruzo ukiwa bado hujaondoka gereji. Nyumba ikibana sana, ipashe kwa kitambaa kilichochovywa maji ya moto, kisha uikaushe vizuri. Moto wa gesi usikaribie. Beringi isiyo na kava ipakwe grisi ya lithiamu, kiasi cha kujaza nafasi kati ya gololi na si zaidi. Iliyofungwa kwa mpira imeshawekewa grisi yake.

Rudisha shafti na saklipu. Zungusha kwa vidole viwili. Iende kimya, iwe nyepesi, isiwe na mchezo kwenda juu wala pembeni.

Kwa wenye Land Rover

Land Rover za Series, ambazo uzalishaji wake ulikoma 1985, zisifuatwe kwa maelezo ya Toyota. Shafti ya usukani wake ni sehemu ya skrubu iliyomo ndani ya boksi ya stelingi. Ukiivuta kwa matumaini ya kuitoa juu utakuwa unalivuta boksi. Bushi au beringi ya juu hushughulikiwa kutokea juu baada ya kutoa usukani, na mchezo wa kuvuta na kusukuma hutibiwa chini, kwenye beringi za boksi ambazo hurekebishwa kwa karatasi za chuma za unene mbalimbali. Boksi likiwa linavuja oili na mchezo upo, kubadilisha kitu cha juu peke yake ni kumpotezea mwenye gari muda.

Kurudisha na kujaribu

Panda kolamu mahali pake na uzishike boliti zote kwa mkono kwanza. Linganisha alama za krosi, ingiza boliti yake, ndipo ukaze moja baada ya nyingine ili kolamu ikae bila kuvutwa upande. Kwa Toyota nyingi ndogo za miaka ya 1990, boliti za mabano hukazwa kwa takriban Nm 25, ya krosi na nati ya usukani takriban Nm 35. Kitabu cha gari lako kikisema vingine, kifuate. Spana ya kupimia nguvu si anasa katika kazi hii, na mafundi wawili au watatu wa jirani wanaweza kuchangia moja.

Kabla ya kukata vichwa vya boliti mpya za nyumba ya ufunguo, jaribu loki mara kadhaa: ufunguo ukitolewa ishike, ukiingizwa na kuzungushwa iachie mara moja. Loki inayosita inaweza kushika gari likiwa katika mwendo. Badilisha mpira wa sakafuni. Kasha la utepe wa erbagi lirudishwe katikati kwa idadi ya mizunguko iliyoandikwa juu yake, kisha usukani uwekwe kwa alama yako. Rudisha waya wa betri ukiwa umesimama nje ya eneo la erbagi. Ukiwasha ufunguo, taa ya SRS iwake na kuzimika baada ya kama sekunde sita. Ikibaki inawaka, gari lisikabidhiwe.

Inua mbele kwa jeki, weka stendi, na uzungushe usukani kutoka mwisho hadi mwisho. Sikiliza. Waya usikwaruzwe popote, honi ilie ikibonyezwa tu, indiketa irudi yenyewe baada ya kona pande zote mbili. Halafu endesha kwenye uwanja ulio wazi, mwendo wa kutembea, ukichora namba nane. Usukani ukiachiwa kidogo baada ya kona urudi wenyewe. Usipofanya hivyo, kuna kitu kinabana. Jaribio la kwanza lisifanyike Barabara ya Morogoro wala kwenye mteremko wa kutoka Kisarawe kwenda Pugu. Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973 inamkataza mtu kuendesha gari bovu barabarani, na gari ambalo usukani wake haujathibitishwa bado ni bovu. Kama usukani umekaa upande ilhali ulikuwa umenyooka mwanzoni, umekosea jino. Rudi ukalipatanishe, usimwambie mteja atazoea.

Mkabidhi mwenye gari beringi ya zamani pamoja na risiti ya mpya, na umwandikie tarehe na kilomita kwenye daftari. Mwambie arudi baada ya wiki moja ili boliti ya krosi na za mabano zikaguliwe tena, bila malipo. Kwa Hiace za abiria, kipimo cha kuinua na kushusha usukani kifanywe kila gari linapobadilishwa oili, na dereva aelekezwe kupanda kwa kushika mshikio wa nguzo ya kioo. Kama mshikio huo umeng'oka, ufungwe mwingine siku hiyohiyo beringi inapobadilishwa.